Uzi: Mtoto aliyeachwa amelala. Freud, Bowlby na sehemu ya nafsi tusiyoijua

Mwana Usangi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki naona matangazo ya semina za "nguvu ya akili ya ndani": lala ukijiambia wewe ni tajiri, baada ya siku arobaini mambo yatafunguka. Upande wa pili, ukitaja jina la Freud mbele ya wasomi wetu, mtu anakujibu kwamba yule mzee aliwaza ngono tu, na mjadala unaishia hapo. Pande zote mbili zimenikera kwa miaka mingi. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari niliyesomea ushauri nasaha ukubwani, na elimu hii ilinikuta wakati ndoa yangu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi mmoja. Nitaandika kwa kirefu, naomba msome taratibu.

Nianze na mimi mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka miwili na nusu mama alipata nafasi ya kusomea uuguzi mbali na nyumbani. Nikapelekwa Usangi kwa bibi. Mama alilala pale siku mbili, ya tatu akaondoka alfajiri nikiwa nimelala, maana wakubwa waliona nikimwona anaondoka nitalia. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi kwenye mikusanyiko ya ukoo, na husimuliwa kwa furaha: "Ulilia siku tatu, baba, kisha ukanyamaza. Ukawa mtoto mzuri mno, husumbui mtu." Mama aliporudi mwaka uliofuata nilijificha nyuma ya mlango. Bibi ndiye niliyekuwa namwita mama.

Mimi sikumbuki chochote kati ya hayo. Ninachokijua ni mtu niliyekuja kuwa. Sijawahi kulia stendi wala uwanja wa ndege. Nimevunja uchumba mara mbili kwa ujumbe wa simu, bila ugomvi wowote. Nimeacha kazi nzuri wiki moja baada ya mkuu wangu kusema huenda akahamishwa. Na mke wangu akisafiri, nampigia siku ya kwanza, nampigia ya pili, kisha simu yake naiona inaita na siipokei. Nikiulizwa nasema nilikuwa na kazi nyingi, na niliamini hivyo kwa moyo wote.

Mke wangu ndiye aliyeona. Alikwenda msibani kwao kwa wiki moja, aliporudi akaniambia, "Baba Neema, ni siku ya tatu. Kila safari unaninyamazia kuanzia siku ya tatu."

Nilibaki nimemkodolea macho.

Sasa nije kwenye nadharia. Mtazamo wa saikodinamiki unasema haiba ya mtu, yaani ule mwenendo wake unaojirudia mpaka watu wanasema "huyo ndivyo alivyo", haitokani tu na yale anayoyafikiri na kuyaamua. Chini yake kuna nguvu zinazovutana: tamaa, hofu, hasira, upendo uliojeruhiwa. Nyingi zilianza utotoni, na mwenyewe hana habari nazo. Wasomi wameiita sehemu hiyo ung'amuzi bwete. Humu nitasema akili fiche kwa urahisi.

Mzee wa jambo hili ni Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856 Freiberg, Moravia, ambayo leo iko katika Jamhuri ya Cheki, akakulia Vienna, akahitimu udaktari mwaka 1881, kisha akawa daktari wa mishipa ya fahamu. Wagonjwa waliomshughulisha walikuwa watu waliopooza mkono, waliokosa sauti au kupoteza kuona, ilhali vipimo havikuonyesha ubovu wowote mwilini. Rafiki yake mkubwa kiumri, Josef Breuer, alikuwa amemtibu binti mmoja kuanzia mwaka 1880, ambaye kitabuni walimpa jina la Anna O. Kipindi fulani cha joto kali binti huyo alishindwa kabisa kunywa maji. Kiu inamuua, anashika glasi, anaisukuma. Kwa wiki kadhaa aliishi kwa matunda. Siku moja akiwa katika hipnosia, yaani hali ya nusu usingizi, alianza kusimulia jinsi alivyomkuta mbwa wa mwanamke aliyekuwa akikaa naye anakunywa kwenye glasi. Alichukizwa sana, lakini kwa adabu hakusema neno. Alipomaliza kulitoa lile chukizo, akaomba maji, akanywa.

Angalieni pale: kwa adabu hakusema neno. Kwangu hapo ndipo mlango wa elimu hii yote ulipo. Kitu kilichonyimwa njia ya mdomo kikatafuta njia ya koo.

Mwaka 1909 Freud alialikwa Marekani, Chuo Kikuu cha Clark kule Worcester, akatoa mihadhara mitano kwa Kijerumani. Akawapa wasikilizaji mfano ambao nautumia darasani hadi leo. Fikirini, alisema, kuna mtu humu ukumbini anapiga kelele na kuburuza miguu mpaka nashindwa kuongea. Vijana wenye nguvu wanamtoa nje, kisha wanaegemeza viti vyao mlangoni asirudi. Huko ndiko kukandamiza. Je, shida imekwisha? Yule mtu sasa yuko nje anabamiza mlango kwa ngumi, na kelele zake zinavuruga mhadhara kuliko alipokuwa amekaa ndani. Itabidi mkuu wa chuo atoke, azungumze naye, amrudishe kwa makubaliano.

Wakuu, angalieni pia wale vijana walioegemeza viti. Na wao hawawezi tena kusikiliza mhadhara. Nguvu zao zote ziko mlangoni. Mtu anayeficha jambo asilolijua huchoka bila kufanya kazi.

Nitaendelea. Karibuni.

Daftari Jeusi

Asante mkuu kwa nondo, ila nina pingamizi na nitalisema wazi. Karl Popper, mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna hiyo hiyo mwaka 1902, aliiweka nadharia hii kwenye mizani ikashindwa. Alitoa mfano: mtu mmoja anamsukuma mtoto majini ili azame, mwingine anajitosa kumwokoa mtoto akihatarisha uhai wake. Ukimuuliza mfuasi wa Freud, wa kwanza amekandamiza kitu fulani, wa pili amekigeuza kitu kile kile kuwa wema. Majibu yapo kwa vyote viwili. Nadharia isiyoweza kukosea kamwe si sayansi.

Na hilo la siku ya tatu, pole sana kaka, lakini linaweza kuwa sadfa.

Mwana Usangi

Daftari, pingamizi lako ni zito na silikwepi. Freud alijenga ghorofa ndefu juu ya watu wachache, wengi wao wa tabaka moja la mji mmoja. Hata Anna O mwenyewe hakupona kama ilivyosimuliwa. Jina lake halisi ni Bertha Pappenheim, na mwezi Julai 1882, baada ya Breuer kumaliza, alilazwa Kreuzlingen, Uswisi. Nafuu yake ilikuja polepole, na baadaye akawa mwanamke shupavu aliyeanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani mwaka 1904. Anayetaka kuitetea elimu hii aanze kwa kusema ukweli huo.

Lakini kuna mambo mawili tuyatenganishe. La kwanza ni kama akili hufanya kazi bila sisi kujua. Hilo linapimika. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika kuhusu mgonjwa wake aliyepoteza kumbukumbu kiasi kwamba kila siku alimwona daktari kama mgeni. Siku moja Claparède alificha pini kiganjani akampa mkono, pini ikamchoma. Alipokuja tena kumsalimu mama yule hakukumbuka kabisa kuchomwa, ila mkono wake aliurudisha nyuma. Alipoulizwa sababu akasema, je, haiwezekani watu wakaficha pini mikononi?

Mkono ulijua kitu ambacho mwenye mkono hakukijua, na mdomo ukaleta sababu ya kuukinga.

La pili ni kama kila kilichomo humo ndani ni kile Freud alichosema kimo. Hapo tunaruhusiwa kubishana naye, na wanafunzi wake wenyewe walibishana naye kabla yetu. Alfred Adler aliondoka mwaka 1911 akisema kinachotusukuma zaidi ni kule kujiona duni utotoni. Carl Jung wakaachana naye mwaka 1913.

Kuhusu zile sehemu tatu za nafsi ambazo wanafunzi hukariri, id, ego na superego: hayo ni maneno ya Kilatini waliyoweka wafasiri wa Kiingereza. Freud katika kitabu chake cha mwaka 1923 alitumia maneno ya mtoto wa Kijerumani: "Es", yaani hicho, hilo dude, "Ich", yaani mimi, na "Über-Ich", mimi wa juu yangu. Ukiyasoma hivyo unayaelewa bila mwalimu. Kuna mimi ninayejijua. Kuna hicho ndani yangu kinachotaka sasa hivi, kisichojua kesho wala aibu. Na kuna sauti ya baba, mama, shehe au padri, niliyoimeza mtoto nikaja kuidhani ni yangu. Mimi niko katikati nasuluhisha, na nikielemewa nadanganya. Najidanganya mwenyewe kwanza. Anna Freud, binti yake, ndiye aliyezipanga njia hizo za kujikinga vizuri mwaka 1936, na wahenga wetu walizijua: ukisikia "sizitaki mbichi hizi" hapo mtu anajitafutia sababu, na "nyani haoni kundule" ni kumtwisha mwenzio kilicho chako.

Mjukuu wa Kinole

Mkuu naomba niingie hapa, maana kuna jambo wazungu wenyewe walishalibishania na linatuhusu sisi moja kwa moja. Freud alisema kila mtoto wa kiume humwonea wivu baba yake kwa sababu ya mama. Mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo hufuata mama. Shamba la ukoo, adhabu, neno la mwisho kuhusu maisha yangu, vyote hivyo nikikua vilikuwa kwa mjomba. Baba alikuwa rafiki yangu. Huo wivu kwa baba ningeutoa wapi?

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia, aliishi visiwa vya Trobriand katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akaona kitu kile kile: watoto wanampenda baba, chuki na hofu zinakwenda kwa mjomba, hata ndoto za kufiwa wanazoota ni za mjomba. Akaandika kitabu mwaka 1927 kusema kwamba Freud aliichukua familia ya Vienna akaifanya ya dunia nzima. Wafuasi wa Freud wakamjibu kwamba mjomba ni kisingizio tu, anayechukiwa bado ni baba. Jibu hilo mimi siliafiki hata kidogo.

Lakini nisikatae kila kitu. Nilipofiwa na mjomba niliyekuwa namwogopa, sikulia. Wiki mbili baadaye nikaanza kuumwa kifua, kikohozi kama chake. Vipimo safi. Watani walipokuja kwenye arobaini, mmoja akavaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akanigombeza kwa sauti yake mbele ya watu wote. Nikacheka mpaka nikalia, na nililia muda mrefu. Sisemi kifua kilipona kwa sababu hiyo. Nasema kilipona.

Mwana Usangi

Mjukuu, umeandika kitu ambacho kingepaswa kufundishwa vyuoni. Mwaka 1905 Freud alitoa kitabu kizima kuhusu mzaha na akili fiche. Hoja yake ni kwamba mzaha humpumbaza mlinzi wa mlangoni, na lile lililokatazwa likapita huku watu wanacheka. Utani wetu ulikuwa unafanya kazi hiyo misibani bila kitabu. Kuna hasira kwa marehemu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuisema, mtani anaisema kwa niaba yetu.

Kuhusu wivu kwa baba nakubaliana nawe. Kinachobaki baada ya Malinowski ni kwamba mtoto huwapenda na kuwachukia watu wale wale wanaomlea, na chuki hiyo hana pa kuipeleka. Ni nani hao, inategemea ukoo.

Bintimaji

Nimesoma nyote kwa makini. Mimi ni mwanamke, nimefanya kazi na mabinti waliodhulumiwa, na nina neno zito na huyu mzee wenu.

Mwaka 1900 baba mmoja alimpeleka Freud binti yake wa miaka 18. Kitabuni anaitwa Dora, jina lake Ida Bauer. Binti alikuwa na kikohozi, sauti inapotea, na alishaandika barua ya kutaka kujiua. Alisema rafiki wa familia alimvamia akambusu kwa nguvu akiwa bado mdogo, kisha baadaye akamtaka kimapenzi kando ya ziwa. Mke wa bwana huyo alikuwa hawara wa baba yake. Binti akaona wazi kwamba yeye ni kama malipo. Freud alimwamini kwamba mambo yale yalitokea. Halafu akatumia wiki kumi na moja kumweleza kwamba kwa siri alikuwa akimpenda yule bwana. Tarehe 31 Desemba binti akaaga, hakuendelea.

Miaka michache kabla, Freud alikuwa ameandika kwamba ugonjwa wa wagonjwa wake ulitokana na kunajisiwa utotoni. Septemba 1897 akamwandikia rafiki yake Fliess kwamba ameacha kuiamini nadharia hiyo. Ninyi mnaona ni historia. Mimi naona mabinti wangapi baada ya hapo waliambiwa "umeota, ulitaka mwenyewe". Hata huku kwetu mtoto akisema, la kwanza ni "nyamaza, usimwaibishe mjomba wako". Hicho kinyamazisho ndicho kinachoijaza hiyo akili fiche yenu.

Mwana Usangi

Dada Bintimaji, nakushukuru na sina la kumtetea hapo. Alikosea, na kosa lake liliumiza watu. Sentensi yako ya mwisho nitaibeba. Watu hudhani akili fiche hujazwa na tamaa chafu. Mara nyingi hujazwa na kunyamazishwa.

Ndiyo maana kwangu mimi mtu mkubwa zaidi katika ukoo huu wa elimu ni John Bowlby, Mwingereza, aliyesomea uchambuzi wa nafsi, yaani tiba ile ya Freud, kisha akagombana na waliomfundisha. Wao walitaka kujua mtoto anawaza nini kichwani. Yeye akauliza: kwani mtoto huyu imemtokea nini? Mlezi wake mwenyewe, yaya aliyempenda, aliondoka nyumbani kwao Bowlby akiwa hajatimiza miaka minne, na baadaye aliligusia jambo hilo kama msiba.

Bowlby na mwenzake James Robertson waliangalia watoto wadogo waliolazwa hospitali za Uingereza enzi ambazo wazazi walizuiwa kuwatembelea isipokuwa kwa saa chache. Waliona hatua tatu. Kwanza mtoto anapiga kelele, anatikisa kitanda, anamwita mama. Kisha ananyong'onyea, analia kwa sauti ndogo, hataki kucheza. Mwishowe anatulia, anakula, anatabasamu kwa wauguzi. Wauguzi husema amezoea. Mama akija, mtoto anageuza uso.

Nilisoma maelezo hayo nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni, na nilishindwa kuingia kufundisha kipindi kilichofuata. "Ulilia siku tatu, kisha ukanyamaza. Ukawa mtoto mzuri mno." Wauguzi wa London na shangazi zangu wa Usangi walisema maneno yale yale.

Na sasa sehemu ambayo wengi hawaijui. Mary Ainsworth alikuwa mtafiti katika ofisi ya Bowlby. Mwaka 1954 mumewe akapata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii Kampala, naye akamfuata. Akaanza kutembelea familia 26 za Baganda katika vijiji vya karibu na mji, kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili mchana, akiwa na mkalimani, sebuleni ambako akina mama hupokea wageni. Alipoanza alitaka kuangalia hasa kuachishwa ziwa, kwa sababu ya desturi ya zamani ya kumpeleka mtoto kwa bibi ili asahau ziwa la mama.

Aliyoyaona yalimbadilisha. Alimwona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza mlango, anageuka kumtazama mama, anaendelea, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Mama alikuwa kambi ya mtoto. Watoto waliokuwa na utulivu hawakuwa lazima wale waliobebwa zaidi. Mama zao walikuwa wale ambao, ukiwauliza habari za mtoto, wanakusimulia mpaka vitu vidogo: huyu hulala hivi, akichoka huvuta sikio. Walikuwa wamemtazama. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1967, na yale aliyoyaona Buganda ndiyo aliyokwenda kuyapima Baltimore, Marekani, yakawa msingi wa elimu ya mafungamano kati ya mtoto na mlezi wake, ambayo leo hufundishwa dunia nzima. Mtu akikwambia saikolojia yote imetoka kwa wagonjwa wa Vienna, mwambie pia imetoka sebuleni kwa akina mama wa Buganda, ambao majina yao hatuyajui.

Kijana wa Kapsokwony

Salamu kutoka upande wa Mlima Elgon, Kenya. Ndugu, kwa kuwa umetaja Uganda, wacha niongeze la Jung, kwa sababu alifika hapa kwetu. Alishukia Mombasa Novemba 1925, akapanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha akaja kupiga kambi mlimani kwa watu aliowaita Waelgonyi. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo, na mazungumzo yake na wazee aliyaita "shauri" kama sisi.

Kila mara aliuliza kuhusu ndoto. Watu hawakutaka kumwambia. Hatimaye akampata laibon, yaani mganga na mtabiri, mzee aliyevaa ngozi za nyani wa buluu. Mzee akamjibu kwa machozi: zamani malaibon waliota, wakajua kama kuna vita au ugonjwa, kama mvua itakuja na ng'ombe wapelekwe wapi. Tangu wazungu waje hakuna anayeota tena. Ndoto hazihitajiki, Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliandika kuhusu watu wetu mambo mengi ya kudharau, akituona kama utoto wa binadamu, na hilo sitalisamehe. Lakini jibu la yule mzee huwa linanirudia. Mnaongea kuhusu akili fiche ya mtu mmoja. Je, watu wote kwa pamoja wakinyamazishwa?

Mwana Usangi

Ndugu yangu wa Kapsokwony, swali hilo Frantz Fanon alilibeba. Alikuwa daktari wa akili kutoka Martinique, aliyefanya kazi hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953. Kitabu chake cha mwaka 1952 kilisema huwezi kutafuta chanzo cha maumivu ya mtu mweusi kwa baba na mama yake peke yao, wakati kila akitoka nje dunia inamwambia yeye si mtu kamili. Sauti ile ya "mimi wa juu yangu" inaweza kuwa ya mkoloni. Fikirini mwanafunzi aliyevishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama yake, leo ni mzee, na bado anaona haya kuiongea mbele ya wageni. Hakumbuki aibu hiyo ilianzia wapi.

Daftari Jeusi

Narudi kwa heshima. Naona umeacha mengi ya Freud na kubaki na machache yenye ushahidi. Sasa swali la vitendo: mtu afanye nini? Maana wauza semina angalau wana maelekezo.

Mwana Usangi

Swali la haki, mkuu. Wauza semina wanasema akili fiche ni mtumishi, iamuru. Mimi naiona kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Ukimwamuru, atajificha zaidi.

Kwangu kilichosaidia ni kuongea na mshauri nasaha mara moja kwa wiki kwa karibu miaka miwili. Hakunipa ushauri mwingi. Wiki ya tano alisema atakuwa likizo wiki mbili. Wiki iliyofuata likizo yake sikwenda, nikamtumia ujumbe kwamba nimeamua kuacha, nina kazi nyingi. Akanijibu kwamba nafasi yangu iko wazi saa ile ile, na angependa tuzungumze kuhusu likizo yake. Nilirudi nikiwa na hasira ambayo sikujua nimeibeba. Freud aliona jambo hili mapema: mgonjwa humfanyia tabibu kile alichofanyiwa au alichotaka kumfanyia mzazi. Hapo ndipo ugonjwa unaonekana ukiwa hai, mezani, na pale unaweza kushughulikiwa. Nilimgombeza mtu aliyeondoka, naye akakaa akanisikiliza. Kwa umri wangu wote sikuwahi kufanya hivyo.

Msio na uwezo wa kulipa mtaalamu, na najua ni wengi, tafuteni mtu mzima anayeweza kusikiliza bila kukimbilia kuhukumu wala kushauri. Angalieni kinachojirudia. Ukijikwaa mahali pamoja mara tatu, na kila mara una sababu nzuri, isimamishe hiyo sababu nzuri uihoji. Na mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri nyuzi za mtandaoni, aende hospitali leo.

Na wazazi: msiwatoroke watoto. Safari ni safari, kazi ni kazi, hata kumlea mtoto kwa bibi si kosa. Bibi yangu alinilea kwa upendo na nusu ya kheri niliyo nayo ni yake. Ila muage. Mwambie unaenda, mwache alie mbele yako, mfute machozi, uondoke anakuona. Kilio hicho kinakuumiza wewe zaidi, na ndiyo maana sisi wakubwa tunapenda kuondoka wamelala.

Bintimaji

Kaka, mama yako yupo? Umewahi kumuuliza?

Mwana Usangi

Yupo, dada. Nilimuuliza mwaka juzi tukiwa wawili jikoni anachambua maharage. Niliogopa ataona namlaumu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema hakuondoka mara moja kama wanavyosimulia. Alitoka na begi lake, akasimama kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nikaamka. Akanisikia namwita. Bibi alimkataza kurudi, alisema utamharibu mtoto, basi akasimama pale pale akinisikiliza mpaka basi la alfajiri likapiga honi kule barabarani.

Akasema wakati wote wa chuo, kila wakati wa kulala, alikuwa anaisikia ile honi. Hajawahi kumwambia mtu. Akaendelea kuchambua maharage, nami nikavuta kigoda nikakaa nikamsaidia.